Kona ya Nne ya Kisanduku

Mtu akikabidhiwa kisanduku cha mbao kilichoundwa kwa uangalifu, hukigeuza mkononi kabla ya kukifungua. Nimeliona jambo hili mara nyingi kiasi kwamba siku hizi siutazami uso wake bali kidole gumba chake: hupita juu ya kona ya kwanza, ya pili na ya tatu bila kusita, na kikifika kona ya nne husimama. Husimama kwa sababu mistari ya mbao, iliyokuwa ikikizunguka kisanduku bila kukatika, hapo imekutana na mistari mingine isiyoihusu kabisa.

Sababu yake ni rahisi. Mtengenezaji huchukua ubao mmoja mrefu, akakata humo ubavu mrefu, ubavu mfupi, ubavu mrefu na ubavu mfupi kwa mfuatano, kisha akaukunja mfuatano huo kwenye kona zilizokatwa kwa digrii 45. Kona tatu zinakutanisha vipande vilivyokuwa majirani ndani ya ubao. Ya nne inakutanisha mwanzo wa ubao na mwisho wake, ambavyo havikuwahi kuonana. Katika miaka yangu ya mwanzo niliielekeza kona hiyo nyuma, upande wa bawaba, nikitumaini kwamba kisanduku kitawekwa karibu na ukuta. Kwa mbao za kawaida zisizo na mistari mingi, ujanja huo unatosha. Kwa mbao za thamani zenye kiini cha rangi kali hautoshi, kwa kuwa mtu aliyevutwa na mbao hizo atataka kuziona pande zote.

Dawa iko ndani ya unene wa ubao. Badala ya ubao mrefu mwembamba, mimi huchagua ubao mfupi mnene, wa milimita 25 hivi, nikaupasua katikati ya unene wake ili nipate mabamba mawili. Nyuso mbili za ndani zilizotenganishwa na msumeno ni kama uso na taswira yake kwenye kioo: kila mstari ulio kwenye bamba moja una mwenzake kwenye bamba la pili. Yakifunguliwa kama kurasa mbili zilizoshikana kwenye ncha moja, mistari inatoka bamba la kwanza na kuingia la pili bila kukatika, na zile ncha mbili zilizobaki huru, moja kushoto kabisa na nyingine kulia kabisa, nazo zinafanana, kwa sababu zote mbili zilikuwa ncha ileile ya ubao wa awali. Mabamba yakiwa yamelala hivyo mezani, mbavu hukatwa kutoka kushoto kwenda kulia kwa utaratibu wa mrefu, mfupi, mrefu, mfupi, na kona zote nne zinapata jirani wa kweli. Niliwahi kuyakata yakiwa bado yamepandana, ili nipunguze kazi, nikaishia na mbavu ambazo mistari yake ilikubaliana tu endapo mifupi miwili ingekaa pamoja na mirefu miwili ingekaa pamoja, umbo ambalo hakuna kisanduku kinacholiweza. Tangu siku hiyo mabamba hufunguliwa kwanza na kuandikwa namba kwa chaki, kila ubavu na namba yake na mshale wa kuonyesha juu, ndipo msumeno wa pili unaposogea.

Msumeno nao hudai chake. Meno yake hula milimita moja au zaidi, na randa inayofuta alama zake hula nyingine, hivyo nyuso zinazokutana si zile zilizotenganishwa bali zilizo nyuma yake kidogo. Ikiwa mistari ya ubao inashuka wima ndani ya unene, upungufu huo hauonekani. Ikiwa inashuka kwa mshazari, itakuwa imehama upande mmoja, na kidole gumba kitaligundua hilo. Kwa hiyo kabla sijanunua ubao hutazama kwanza kichwa chake, mahali penye vinyweleo vya mti na pete za ukuaji, kabla ya kuutazama uso. Muuzaji mmoja aliwahi kuniuliza kama ninanunua mbao au ninanunua vichwa vya mbao. Sikuwa na jibu la heshima zaidi ya kucheka.

Kisanduku nilichokimaliza hivi karibuni kina mbavu za padauki na mfuniko wa mpingo. Padauki, ambayo wataalamu wa mimea huiita Pterocarpus soyauxii, ni ndugu wa mninga, na ikitoka chini ya randa huwa na rangi ya makaa yaliyopulizwa. Rangi hiyo ndiyo inayouza mbao hizi na ndiyo inayowaudhi wanunuzi baadaye, kwa maana mwanga huigeuza polepole hadi ikawa ya kahawia, na hakuna vanishi inayozuia badiliko hilo moja kwa moja; zile zenye kinga dhidi ya miale ya jua hulichelewesha tu. Miti ya jenasi Peltogyne, ya Amerika ya Kati na Kusini, huenda njia ndefu zaidi: kiini chake kikikatwa huwa cha kijivu kilichofifia, kikikaa kwenye hewa na mwanga hugeuka zambarau ya kushangaza, kisha baada ya muda mrefu nacho kikaelekea kahawia. Zamani nilipanga visanduku kama mtu anayepanga vitambaa, chekundu kando ya zambarau kando ya manjano, na miaka michache baadaye vyote vilikuwa vimekuwa ndugu wa rangi moja. Sasa kabla ya kuoanisha mbao mbili hujiuliza zitakavyoonekana zikiwa zimezeeka. Mpingo hubaki mweusi. Padauki ya kahawia kando ya mpingo mweusi bado ni kitu cha kutazamwa, na ndiyo maana nilizioanisha.

Mpingo, Dalbergia melanoxylon, ni mzito kuliko maji: kipande chake kikavu kikitumbukizwa ndani ya ndoo huzama. Ni mbao za zumari za orkestra, klarineti na oboe, na sifa zilezile zinazowavutia mafundi wa ala, yaani uzito, uimara na nyuzi zilizoshikamana kiasi cha kung'aa kama pembe, ndizo zinazomfaa mtengenezaji wa vitu vidogo. Mti wenyewe hukua polepole mno, na mara nyingi hujipinda na kuwa na mapengo ndani, hivyo ubao mpana ulio safi ni nadra. Mfuniko wangu nimeupata kwa vipande viwili vyembamba vilivyopasuliwa kutoka gogo dogo na kufunguliwa kama kurasa, vikiwa vimeunganishwa upande wa sehemu ya nje ya mti iliyo ya rangi ya maziwa, ili katikati ya weusi upite mstari mmoja mweupe usionyooka. Wapo mafundi wanaokata sehemu hiyo nyeupe na kuitupa, wakidai kwamba inachafua. Ladha zinatofautiana, kwangu mimi, mfuniko mweusi mtupu ungefanana na plastiki.

Mbao za namna hii haziwezi kuzungumziwa bila karatasi zake. Mkataba wa CITES, uliotiwa saini mwaka 1973 na kuanza kutumika mwaka 1975, unasimamia biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka. Dalbergia nigra wa Brazili yumo kwenye Kiambatisho cha I, kilicho kikali zaidi, tangu mwaka 1992, na mwanzoni mwa mwaka 2017 jenasi nzima ya Dalbergia iliingizwa kwenye Kiambatisho cha II, mpingo ukiwamo. Katika mkutano wa mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana kuiongeza miti ya Pterocarpus ya Afrika. Kiambatisho cha II hakikatazi biashara, bali kinataka kibali kwa mbao zinazovuka mpaka. Mimi hutunza stakabadhi ya kila gogo katika faili moja na kuandika nyuma yake ni kisanduku kipi kilichotoka humo. Vilevile hununua zaidi masalia ya watengenezaji wa ala, vipande vyenye kasoro ndogo iliyoviharibu kwa klarineti lakini isiyoviharibu kwa mfuniko wa upana wa kiganja. Sidai kwamba hilo linauokoa msitu. Ila kipande kilichokuwa kiende kuni kinapata kazi, na kisanduku kidogo ni umbo linalokubali vipande vidogo.

Nirudi kwenye kona. Kisanduku cha kona nne kina nyuso nane za mshazari, mbili kwa kila kona, na kosa la kila uso hujilimbikiza hadi kona ya mwisho. Ukikosea nusu digrii tu kwa kila uso, nane zikijumlishwa zinakuwa digrii 4, na kona tatu zitafunga vizuri huku ya nne ikiacha mwanya unaoingiza ukucha. Hakuna msumeno ninaouamini kwa kazi hiyo peke yake. Baada ya kukata, kila ncha huilaza kwenye ubao wa mwongozo wenye kizuizi cha digrii 45, kisha nikaipitishia randa iliyolala ubavu, nikichonga unyoya mmoja mmoja mpaka mbavu mbili zinazotazamana ziwe na urefu uleule kabisa, jambo ambalo ni muhimu hata kuliko pembe yenyewe. Urefu sipimi kwa rula. Huzisimamisha mbavu hizo kando kwa kando mezani na kupitisha kidole juu ya ncha zake, kwa kuwa kidole huhisi tofauti ambayo jicho halioni.

Randa hiyo lazima iwe na makali ya kunyolea. Padauki ina nyuzi zinazobadilisha mwelekeo, zikielekea kushoto kwa upana wa kidole kimoja na kulia kwa upana wa kidole kinachofuata, na wembe butu huzing'oa badala ya kuzikata. Mpingo haung'oki sana, ila huyamaliza makali kana kwamba unachonga jiwe. Siku ya kufanyia kazi mpingo hukaa kwenye kinoo karibu sawa na muda ninaokaa kwenye jiriwa, na nimekoma kulalamika. Mahali ambapo hata randa kali inang'oa nyuzi, huiweka pembeni na kushika bamba jembamba la chuma cha pua lililokunjwa ukingo, ambalo hukwangua nyuzi bila kujali zinaelekea wapi.

Bamba hilo lina faida nyingine, nayo ni kupunguza msasa. Vumbi la padauki ni jekundu na hupaka kila kitu. Likisuguliwa juu ya mbao nyeupe huingia kwenye vinyweleo vyake na kuipa rangi ya waridi isiyotoka. Kwenye mfuniko wangu ule mstari mweupe ungekuwa umeharibika mara moja, kwa hiyo padauki na mpingo vilisafishwa kila kimoja peke yake kabla ya kukutanishwa, na baada ya hapo hapakuguswa na msasa. Jambo lililo kubwa zaidi ni pafu. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliliweka vumbi la mbao katika kundi la 1 la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995, na mbao za jenasi ya Dalbergia zinajulikana pia kwa kuamsha mzio wa ngozi. Mkono wangu wa kushoto ulitoka vipele baada ya wiki moja ya kufanya kazi na kokobolo, mbao ya jenasi hiyohiyo, bila kujifunika, na mpaka leo nikiigusa mbao hiyo vipele hurudi. Barakoa ya kuchuja vumbi sasa inaning'inia kwenye msumari uleule unaoshika aproni, ili nisiweze kuchukua kimoja na kusahau kingine.

Gundi ni sura nyingine ya ukaidi wa mbao hizi. Mpingo na kokobolo zina mafuta na utomvu unaopanda juu ya uso uliokatwa, na gundi ya maji ya seremala hulala juu ya utando huo bila kuushika ubao. Kuzichonga upya dakika chache kabla ya kuunganisha ndiko kunakosaidia zaidi. Kuzifuta kwa kitambaa chenye asetoni, kisha kusubiri ikauke, kunamalizia. Mbavu zenyewe hulazwa mezani kwa mfuatano, nyuso za nje zikiwa juu, ncha zikigusana, nikazibandika kwa utepe wa gundi kutoka ubavu hadi ubavu. Mkanda huo mzima hupinduliwa, gundi ikapakwa kwenye mifereji ya kona, kitako kikachomekwa kwenye mfuo wake, kisha kisanduku kikakunjwa kama karatasi. Ni dakika chache tu, na ndizo dakika pekee katika kazi nzima ambazo sitaki mtu aniongeleshe. Kona ya mshazari iliyoshikwa na gundi pekee haina nguvu ya kutosha, kwani sehemu kubwa ya kinachogusana ni vichwa vya nyuzi vinavyoinywa gundi. Kesho yake huchora kwa msumeno mianya myembamba inayokatiza kona na kupachika humo vibanzi vya mpingo, nyuzi zake zikipita kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Kibanzi ambacho nyuzi zake zinafuata urefu wa kona hupendeza vilevile, ila huvunjika kwa pigo dogo.

Mfuniko ndio ulionifundisha kwa gharama. Kisanduku changu cha kwanza cha mbao za thamani kilikuwa na ubao mmoja mzuri uliopakwa gundi pande zote nne juu ya mbavu, na sikuona kwa nini usikae hivyo milele. Mbao hazinyumbuki kwa kadiri moja kila upande: kwa kufuata urefu wa nyuzi karibu hazibadiliki kabisa, lakini kwa upana husinyaa hewa ikikauka na kuvimba ikirudisha unyevu, na kwa kufuata duara la pete za ukuaji huwa ni takriban mara mbili ya kuelekea kitovu cha mti. Chukua mfuniko wenye upana wa milimita 132, wa mti unaosinyaa asilimia 6 kutoka ubichi hadi ukavu kamili. Unyevu wake ukipanda kutoka asilimia 7 hadi 12, utapanuka kwa milimita 1.3 hivi. Mbavu fupi zilizo chini yake, ambazo urefu wa nyuzi zake unapita upande huohuo, hazitasogea. Mmoja lazima ashindwe. Katika kisanduku changu alishindwa mfuniko, ambao ulipasuka katikati kwa mlio nilioudhania kuwa wa sahani, usiku, miezi michache baada ya kuumaliza.

Siku hizi mfuniko hukaa huru. Ukingo wake umepunguzwa kuwa ulimi mwembamba unaoingia kwenye mfuo uliochimbwa ndani ya mbavu, bila gundi, isipokuwa tone moja katikati ya kila upande mfupi ili mstari mweupe usihamie kushoto au kulia. Kisanduku hufungwa chote, juu na chini, kama sanduku lisilo na mlango. Ndipo baada ya gundi kukauka huzungushia msumeno milimita 22 kutoka juu na kuutenga mfuniko na mwili. Mtu asiyezoea hushtuka akiona kazi ya wiki tatu ikipasuliwa hivyo. Faida yake ni kwamba mistari ya mbavu hupita kutoka mwilini hadi kwenye mfuniko bila kuvunjika, jambo lisilowezekana vikitengenezwa kila kimoja peke yake.

Bawaba ninazipenda za shaba ya manjano, na skrubu zake ndizo laini kuliko zote. Kwenye mbao ngumu kiasi hiki skrubu ya shaba hukatika kichwa kabla ya kuzama, na mwili wake hubaki ndani ya tundu ambalo huwezi kulisogeza hata kwa nukta. Kwa hiyo baada ya kutoboa kwa keekee huingiza kwanza skrubu ya chuma cha pua ya kipimo kilekile, iliyopakwa nta, iikatie shaba njia. Kisha huitoa na kuirudisha ile ya shaba kwa mkono, taratibu. Nilivunja tatu kabla ya kuliamini somo hilo.

Kuhusu kung'arisha sina mengi. Mafuta ya kukausha yanakataa kukauka juu ya mbao nyingi za Dalbergia, kwa sababu kemikali zilizo ndani ya kiini chake huzuia mafuta yasigande, na unaweza kusubiri wiki mbili ukakuta bado yananata. Shelaki isiyo na nta, utomvu wa mdudu mdogo ulioyeyushwa katika spiriti, hukauka juu ya kila kitu, kwa hiyo huipaka kwanza kama ngozi ya kutenganisha, na mara nyingi huishia hapohapo, kwa tabaka nyembamba nyingi na nta kidogo juu. Kwenye padauki tabaka la kwanza hupakwa kwa harakaharaka, kwa vile spiriti huyeyusha ile rangi nyekundu na kuikokota. Ndani ya kisanduku siweki mafuta kamwe. Yakifungiwa humo huvunda, na kila anayefungua kisanduku miaka mingi baadaye hukutana na harufu hiyo kwanza.

Kile kisanduku cha kwanza kilichopasuka sikukitupa wala sikukitengeneza. Kiko kwenye rafu juu ya jiriwa. Majira ya unyevu ufa wake hujifunga kiasi kwamba mgeni hauoni, na majira ya ukavu hufunguka, ukaingiza kadi ngumu. Kabla ya kupaka gundi kwenye kazi yoyote huchukua kadi hiyo na kuujaribu ufa. Leo asubuhi kadi iliingia nusu, ikakwama. Mabamba mawili ya mbao za mti wa wenge niliyoyapasua juma lililopita yamebaki yameegeshwa ukutani, namba zake za chaki zikionekana, nami nimerudi kunoa.